Mliocheka Mlangoni kwa Marehemu

Sikieni, ninyi wa Kingston mnaolitaja jina la Mungu asubuhi na kumsaka jirani usiku. Tarehe 9 Juni 2004 Brian Williamson, mmoja wa waasisi wa J-FLAG, chama kinachowatetea wapenzi wa jinsia moja Jamaika, alikutwa nyumbani kwake ameuawa kwa visu. Maiti haijapoa, watu wakakusanyika nje wakiimba na kucheka. Msibani! Mahali ambapo hata hasimu huvua kofia, ninyi mlipageuza uwanja wa ngoma. Nani aliwafundisha furaha ya namna hiyo?

Mwaka 2013 ilitoka filamu ya Micah Fink, The Abominable Crime, na hamna pa kujifichia mbele yake. Humo yumo mama aliyepigwa risasi kwa kuwa anapenda wanawake. Alipona, lakini ikambidi achague: aishi mafichoni na bintiye, au aikimbie nchi kutafuta hifadhi ugenini. Yumo Maurice Tomlinson, wakili aliyefunga ndoa na mwanamume huko Kanada. Gazeti la nyumbani likaitangaza ndoa hiyo, vitisho vya kuuawa vikamfuata, akaondoka.

Jina la filamu limetoka katika sheria ya mwaka 1864, ambayo kifungu chake cha 76 kinatoa adhabu ya hadi miaka 10 jela na kazi ngumu kwa ulawiti. Mnakitetea kana kwamba mliachiwa na mababu. Mababu gani? Aliyekileta ni Mwingereza, tena miaka 26 tu baada ya utumwa kukoma kabisa katika kisiwa hicho mwaka 1838. Huko kwao Uingereza na Wales walianza kuiondoa sheria ya namna hiyo mwaka 1967. Ninyi wajukuu wa waliopigwa mnaing'ang'ania bakora ya nyapara na kuiita maadili yenu.

Nasi Afrika Mashariki tusisimame pembeni tukinyoosha vidole. Vifungu vya ukoo uleule vimo katika kanuni zetu za adhabu, na ule wimbo wa mwanamuziki wa Jamaika Buju Banton, Boom Bye Bye, unaohimiza mashoga wapigwe risasi, vijana wetu wameucheza huku wakitabasamu. Mwenyewe aliuondoa kwenye orodha ya nyimbo zake mwaka 2019.

Lakini neno langu zito ni juu ya mtoto. Julai 2013, karibu na Montego Bay, kijana wa kiume wa miaka 16 alikwenda kwenye dansi la mtaani akiwa amevaa nguo za kike. Alikuwa amekwisha kufukuzwa kwa baba yake, anaishi na wenzake katika nyumba iliyotelekezwa. Akatambuliwa, habari ikapita kutoka mdomo hadi mdomo, na kundi likamzingira. Alipigwa, akachomwa visu, akapigwa risasi, akakanyagwa na gari. Kumi na sita! Umri wa kukaripiwa kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Na wenzake wa aina yake wako wapi? Kingston waliingia kuishi kwenye mitaro ya maji ya mvua, na humo pia polisi wakawafurusha.

Ole wako baba uliyefunga mlango ukasema umeisafisha nyumba. Ole wako uliyetazama mapanga yakipanda na kushuka, kesho yake ukasema hukuona kitu. Damu ya Abeli haikuuliza Abeli alimpenda nani, ililia tu kutoka ardhini. Wala Kaini hakupona kwa kuuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake.

Na ninyi wachungaji! Juni 2014 mliwakusanya maelfu Half Way Tree, Kingston, kukitetea kifungu kile cha 76. Jua liliwawakia na hamkuchoka. Nauliza: mkutano wa kumlilia yule mtoto mliuita lini? Msiniambie kwamba mnachukia dhambi na kumpenda mwenye dhambi. Mwenye dhambi alilala mtaroni na nyumba zenu za ibada zina paa. Fungueni milango hiyo kabla ya mvua za Oktoba. Muwatafute, muwaite kwa majina yao, muwape chakula na godoro, na wale mnaowafahamu kuwa walishika visu usiku ule, wapelekeni polisi.