Deni Lisilo na Hakimu

Kati ya vita viwili vya dunia, Mzaramo wa Kisarawe au wa Soga aliyekopa dukani alikuwa mdaiwa wa namna yake. Deni analo, hakimu wa kumlipisha hana. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika pasipo hati iliyokubaliwa na ofisa wa serikali, mahakama haikumsikiliza. Wakubwa walisema wanamlinda mkulima asimezwe na wenye maduka.

Watu waliendelea kukopa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita Pugu, Soga na Ruvu, na bidhaa zikaifuata. Mhindi aliyemuuzia mkulima sukari ndiye huyo huyo aliyenunua mbata zake, basi hesabu zao zilikutana kwenye daftari moja. Chai ilinunuliwa kidogo kidogo: majani ya birika moja yamefungwa kwenye kipande cha karatasi, kwa senti zile zenye tundu katikati ambazo mtu angeweza kuzitunga kwenye uzi. Kwa chai hakuna aliyefilisika.

Viatu ni habari nyingine. Pwani ilikuwa haijasahau kwamba mtumwa hutembea pekupeku, na Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Aliyekwenda msikitini Ijumaa na makubadhi mapya, ijapokuwa atayavua mlangoni, alitaka aonekane akiyavua. Miaka ya 1930 vikaja viatu vya raba kutoka Japani, bei chee, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo iliizuia Tanganyika kuzibagua bidhaa za taifa lolote kwa ushuru.

Lakini deni lenye uzito lilikuwa la zawadi. Mwali wa Kizaramo akitolewa nje baada ya kuwekwa ndani, ndugu humtunza, na mjomba, mwenye sauti katika ukoo unaofuata upande wa mama, hafiki mikono mitupu. Anataka doti ya kanga, na mpunga bado uko shambani. Anakwenda dukani, anaandikiwa, anamfunika mpwa wake mbele za watu huku vigelegele vikipaa. Ametoa nini hapo, na mali ni ya nani?

Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwakemea Waislamu kwa kuteketeza mali. Fiqhi ya Imam Shafi, inayofuatwa pwani, nayo haimwachii mjomba nafasi kubwa: mtu akiwa na deni, wala hatarajii kupata cha kulilipa, haruhusiwi kutoa sadaka kwa kile anachodaiwa. Ila kununua kwa kulipa baadaye, hata kwa bei iliyozidi ya taslimu, si riba, mradi bei imekatwa pale pale.

Mwaka 1925, huko Paris, Marcel Mauss alichapisha insha yake mashuhuri juu ya zawadi: kutoa ni wajibu, kupokea ni wajibu, kurudisha ni wajibu. Kungwi yeyote wa Maneromango angemweleza hayo bila kupanda meli. Ndiyo maana lawama ya fahari haimwenei mjomba sawasawa. Yeye mwenyewe alilelewa, akatiwa jandoni na kuozwa kwa vya wajomba zake. Kanga ile ni malipo. Anakopa ili alipe, na swali gumu ni deni lipi litangulie, la ukoo au la duka.

Hapo ndipo sheria ya Mwingereza ilipokuwa kishawishi. Mlango wa mahakama umefungwa, nani atamuuliza? Walutheri, ambao misheni yao ilifika Kisarawe mwaka 1892, waliomba katika Sala ya Bwana wasamehewe deni zao. Mwenye duka hakuwamo kanisani kuitikia amina. Kwa Waislamu inajulikana kwamba Mtume aliwahi kujizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka sahaba mmoja alipojitwika kulilipa. Hadi leo, maziko ya Kibaha na Kisarawe hayaishi kabla ya kutangazwa: anayemdai marehemu awaone warithi. Mirathi haigawanywi kabla deni halijalipwa, na mdai wa dini nyingine ana haki ile ile. Serikali ilikuwa imefuta kesi tu.

Na kanga? Hiba hukamilika kwa kukabidhiwa. Mwali akishaipokea ni yake. Mjomba hawezi kuidai tena, kwa sababu anayeruhusiwa kurudia hiba ni mzazi kwa mwanawe. Mwenye duka naye hawezi kumvua. Akitaka chake, amfuate mjomba kwenye minazi.