Nyumba: Maskani au mtaji?

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa ndugu akishafika Kanada ameagana na shida ya makazi. Dhana hiyo haina ukweli. Toronto na Vancouver wamo watu wenye kazi za halali na mishahara ya kila mwezi ambao nusu ya kipato chao inaishia kwenye kodi ya pango. Shirika la nyumba la serikali ya nchi hiyo lina kipimo chake: gharama za makazi zikizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya kabla ya makato, makazi hayo si nafuu tena.

Waislamu tunapolijadili jambo hili, aghalabu tunaishia kwenye riba. Na kweli riba ni mtihani mkubwa kwa ndugu zetu walioko huko, kwani walio wengi hawawezi kununua nyumba bila mkopo wa benki. Katika bajeti yake ya mwaka 2024, serikali ya Kanada ilisema itaangalia namna ya kupanua mikopo ya nyumba inayokubalika kisheria kwa Waislamu. Ni jambo la kupongezwa. Lakini tujiulize: mkataba ukiwa halali, na bei ikabaki ile ile iliyomshinda mtu wa kawaida, je, uadilifu umepatikana?

Kwa maoni yangu, swali la msingi ni hili: nyumba ni maskani au ni mtaji? Qur'an, katika Surat An-Nahl, inaitaja nyumba miongoni mwa neema za Allah (s.w.), kuwa ni mahali pa utulivu. Bunge la Kanada nalo mwaka 2019 lilipitisha sheria inayotambua kuwa makazi ya kutosha ni haki ya binadamu. Hadi hapo hakuna mgogoro.

Mgogoro unaanza pale nyumba inapogeuzwa akiba ya uzeeni. Februari 2022 wastani wa bei ya nyumba nchini humo ulipita dola za Kanada 816,000. Aliyenunua miaka 20 kabla ya hapo alitajirika akiwa amelala. Mei 2024, Justin Trudeau, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisema nyumba lazima zibaki na thamani yake kwa kuwa ndiyo akiba ya watu ya uzeeni. Mwaka mmoja baadaye Waziri wa Nyumba, Gregor Robertson, aliyewahi kuwa meya wa Vancouver, aliulizwa kama bei zinapaswa kushuka. Akajibu hapana, kinachotakiwa ni kujenga zaidi.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Nyumba ziwe nafuu kwa asiyenayo, na papo hapo zisishuke thamani kwa aliyenayo. Yatakaaje haya katika chungu kimoja? Sababu ya kigugumizi hicho haijifichi: kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, takriban theluthi mbili ya kaya za Kanada zinamiliki nyumba zinazoishi. Hao ndio wapiga kura wengi.

Atatokea wa kusema: "Nimenunua kwa jasho langu, nauza kwa bei ya soko, kosa langu nini?" Kwa hilo hana kosa. Mjane anayetegemea nyumba yake moja hawezi kuitwa mhodhi. Kosa ni kuingia ndani kisha kuwafungia wengine mlango. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ardhi ya makazi Toronto ilitengwa kwa nyumba za familia moja tu. Ni Mei 2023 ndipo baraza la jiji lilipokubali nyumba za kukaa hadi familia nne zijengwe katika mitaa yote ya makazi. Wakazi wa zamani wamekuwa wakipinga maghorofa kwa hoja kwamba yanaharibu sura ya mtaa.

Wanazuoni wamekataza ihtikari, yaani kuhodhi bidhaa ili bei ipande. Wamehitilafiana kama katazo hilo ni la chakula pekee au la kila kitu ambacho watu wanakihitaji. Mimi naona kwamba anayezuia nyumba ya mwenzake isijengwe, ili yake izidi thamani, anaukaribia mlango huo huo.

Leo lawama nyingi anatupiwa mhamiaji. Ni kweli watu wakiongezeka mahitaji huongezeka. Lakini mwaka 1993, aliposimamisha fedha za ujenzi mpya wa nyumba za umma, aliyeamua hakuwa mhamiaji. Ilikuwa ni serikali kuu. Ni serikali ile ile ambayo mwaka 1946 iliunda shirika lake la nyumba, na askari waliorejea vitani wakapatiwa makazi.

Nawaomba ndugu zetu walioko huko, waliokwishajaaliwa nyumba, siku bango la ghorofa jipya likibandikwa mtaani kwao, wahudhurie kikao na wamsemee asiyenayo. Kuepuka riba hakumwondolei mtu haki ya jirani yake.

Allah ndiye Mjuzi zaidi.