Mapumziko ya Mzee Mwenye Ugonjwa wa Moyo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baada ya hayo, hili ni suala linalowasibu wazee wengi, khasa pale ambapo bibi au babu ndiye nguzo ya nyumba.

Mfano wake ni huu. Bibi wa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, huamka kabla ya alfajiri. Akisha kusali hushika jembe akashuka bondeni, kwenye Mto Ruaha Mdogo, kutazama mboga zake. Akirudi huwapikia wajukuu na kuwapeleka chuoni. Siku moja kifua chambana na pumzi zamkatikia. Matabibu wamwambia kuwa mishipa ya moyo imeziba, ende Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, akazibuliwe. Kisha asiinue mzigo wala asishike jembe mpaka apewe ruhusa. Bibi haogopi tiba; aogopa mapumziko. Asema: "Nikilala mimi, nyumba italala. Heri nife na jembe mkononi." Je, kauli hii ni ushujaa au ni kosa?

Jawabu lake lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni tiba yenyewe. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka kwenye mishipa ya moyo. Palipoziba hupanuliwa kwa kipira kidogo, na aghlabu huachwa hapo kijibomba cha waya ili damu ipite. Ni kama mfereji wa shamba ulioziba kwa tope: mkulima mwenye akili huuzibua, kisha akamwomba Mungu mavuno. Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu watu kujitibu, na Imamu Nawawi akuhesabu kujitibu kuwa ni sunna. Kweli, wako walioacha dawa kwa kutawakali, wala hawakulaumiwa. Lakini bibi huyu haachi kwa kumtegemea Mungu. Aacha kwa kuutegemea mkono wake mwenyewe. Hizi ni njia mbili zilizo mbali sana.

Ya pili ni thamani yake. Imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa mja akiugua huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizitenda katika uzima wake. Na asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu, wala thawabu zake hazipungui. Basi ikiwa kusimama katika Sala humwondokea mgonjwa, jembe ni nini hata lisimwondokee?

Ya tatu ni haki ya nyumba, na hapa ndipo penye uzito. Katika Minhaji, Imamu Nawawi apitisha kuwa mzazi mhitaji, na babu na bibi kadhalika, nafaka yao ni juu ya watoto wao wenye uwezo, wala hawalazimishwi kuchuma hata wakiwa na nguvu. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mwenye nguvu, seuze mgonjwa! Mapumziko ya bibi si sadaka apewayo. Ni deni alipwalo. Wengi humsifu bibi kwa uhodari wake, kumbe sifa hizo ni ujira mdogo wa kazi kubwa. Na pale wazazi wa wajukuu walipofariki, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Iringa na Njombe kwa sababu ya ukimwi, wajomba, ama na majirani washike zamu.

Wala nyumba haitaanguka. Boma la Mtwa Mkwawa pale Kalenga lilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Kuta zilivunjika, Kalenga ikabaki, na watu walima hata leo.

Huenda mtu akasema: mzee akikalishwa bure hufa kwa unyonge. Kweli, na kwa hiyo watoto wasimfanye kama mkeka uliokunjwa. Matabibu wenyewe humwamrisha atembee kidogo kidogo. Na achambue maharage akipenda, awasikilize wajukuu sura zao, aulizwe shauri kabla ya shamba kupandwa. Aliyekatazwa mzigo hakukatazwa kuwa mzee wa nyumba.

Basi bibi na akubali tiba, na watoto walishike jembe kabla hajaliomba. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.