Upana wa Kioo na Ufinyu wa Jicho

Je, anayeona vingi huona vizuri zaidi? Swali hilo la kale limezuka upya na vioo vipana vya kompyuta, vya uwiano wa 21:9. Kioo cha nukta 3440 kwa 1440 kina nafasi ya theluthi moja zaidi kuliko cha 2560 kwa 1440. Mcheza gemu humwona mapema adui wa pembeni. Karani hupanga fomu na orodha sambamba.

Jicho lenyewe halikupanuka. Sehemu yake inayoona kwa ukali hushika takriban nyuzi 2 tu.

Mwanafalsafa Mfaransa Simone Weil aliandika mwaka 1942 kuwa sala imejengwa kwa umakini. Qur'ani, katika Surat An-Nur aya ya 30, inawaamuru waumini wainamishe macho yao. Maandishi yote mawili yanauheshimu mtazamo uliochagua.

Mtazamo huo unahitajika hata kwenye kambi za wakimbizi. Nchini Tanzania, kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo; ile ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 kwa Warundi. Katika kazi ya usajili kwenye kambi kama hizo, kioo kipana ni neema pale karani anapoona majina ya familia nzima kwa pamoja, kisha muda anaouokoa akautumia kumtazama mama aliyeketi mbele yake na kumsikiliza mpaka amalize.