Fardhi Isiyo na Mwenyewe

Liko swali tupendalo kuliweka mbele ya wasomaji wetu, walipime kwa insafu. Kijana wa miaka 15 aliyekaa darasani miaka 8, kisha akipewa barua hawezi kuisoma akafahamu maana yake, lawama yake ni ya nani?

Mzazi atasema: Mimi nimempeleka skuli. Mwalimu atasema: Nina watoto wengi katika chumba kimoja, na nyumbani kwao hakuna hata kitabu. Maalim wa chuoni atasema: Kazi yangu ni Qur'ani, na herufi zake azijua. Serikali nayo itasema: Tangu mwaka 2003 skuli za msingi za umma hazitozi ada, Katiba ya 2010 imefanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, na sheria ya 2013 imemwajibisha mzazi kumpeleka mwanawe skuli. Kila mmoja ana hoja, wala hapana mwongo kati yao. Lakini kijana hajui kusoma. Hoja nne za kweli zimezaa dhulma moja.

Twaona asili ya jambo hili ni kuwa fardhi kifaya tumeifahamu nusu. Sote twajua kuwa baadhi wakiitimiza, waliobaki huondokewa na dhima. Tusahauyo ni kwamba dhima haiondoki kwa kuanzwa jambo, huondoka kwa kutimia. Maiti hajasitiriwa kwa kununuliwa sanda tu. Basi na kijana hajasomeshwa kwa kuandikwa jina skuli tu. Na maadamu hajasomeshwa, dhima i juu ya kila mwenye uwezo.

Watu watasema: Basi na tushirikiane. Naam, lakini ushirika ni nini? Kuchagua mwenyekiti na katibu si ushirika. Ushirika ni kila mmoja kutoa kile ambacho mwenziwe hana. Wapokezi wa sira wametaja kuwa baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, mateka wasio na mali walikombolewa kwa kufundisha watoto wa Madina kuandika. Hawakuulizwa dini yao. Walikuwa na kalamu, na mji ulikuwa na haja nayo. Na hapa Kenya, mwaka 1996, idara ya maktaba za taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika nchi za Garissa, ambako gari hupita kwa shida. Vitabu vilikuwa vya idara. Ama ujuzi wa kuongoza ngamia katika nchi kame ni wa wafugaji. Kila upande peke yake usingelimfikishia mtoto kitabu.

Katika mitaa yetu vyuo hubaki vitupu usiku, na skuli zina vitabu vinavyofungiwa kabatini. Wako vijana waliomaliza sekondari wangojao kazi barazani, na mwenye duka asiyeshindwa kutoa taa na karatasi. Hata mama asiyejua kusoma aweza kumwambia mwanawe kila usiku: Nisomee ukurasa mmoja, kisha unieleze maana yake. Wala tusimkalishe kijana aliyebaleghe pamoja na watoto wa miaka 6. Haya itamfukuza kabla ya somo la pili. Apewe saa yake, na asome mambo ya umri wake: mkataba wa kazi, hesabu ya duka, habari za mji.

Lakini yote haya yatapotea ikiwa kila mmoja atadhani mwenziwe ndiye aangaliaye. Kwa hiyo rai yetu ni hii: kila kijana asiyejua kusoma awe na mtu mmoja, ajulikanaye kwa jina, atakayeulizwa habari zake kila mwezi: amefika wapi, na kama hakuja, kwa nini. Kazi ni ya wengi. Kuulizwa ni kwa mmoja.

Wazee wa mitaa, maimamu na walimu, orodha hiyo yaweza kuandikwa wiki hii, katika karatasi moja. Na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.