Tunapoliaga Gari Tulilolipenda

Mtu akiuza ng'ombe wake wa maziwa, hakuna anayemshangaa akimsindikiza kwa macho mpaka apotee njiani. Lakini akiuza gari kisha akasimama barabarani amenyong'onyea, watu humcheka: "Chuma hicho, ndugu yangu!" Hebu tulitazame jambo hili pamoja, maana ndani yake limo swali lisilo la mzaha. Je, yafaa kupenda kitu? Na tukishakiuza, mapenzi hayo yanatudai nini?

Sisi wa nyumba yetu hapa Malindi, Malindi hii ya Lushoto, si ile ya pwani ya Kenya, tumeuza Land Rover letu la mwaka 1969. Waijuao milima hii hawahitaji kuelezwa kazi yake. Lilishusha viazi na kabichi, lilipeleka wagonjwa usiku, lilibeba maharusi, na majeneza pia. Betri ilipokufa tuliliwasha kwa hendeli. Wakati wa mvua, magari mengine yalipokwama kwenye utelezi, lenyewe lilipita polepole kama mzee apandaye mlima na mkongojo.

Lakini tulipenda nini hasa? Zamani Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alieleza habari za merikebu ya Theseus iliyotunzwa Athene. Kila ubao ulipooza waliweka mpya, hata wenye hekima wakabishana kama hiyo ni merikebu ileile au ni nyingine. Gari letu nalo lilibadilishwa injini, milango, giaboksi, na springi mara nyingi zisizohesabika. Hata hivyo hakuna jirani aliyesema tumeleta gari jingine. Yaonekana basi kwamba tulichopenda si chuma chenyewe. Tulipenda safari zake, na watu waliokaa ndani yake. Mapenzi ya namna hiyo si aibu. Ni shukrani iliyopata mahali pa kukaa.

Basi hatari i wapi? Hatari ya kwanza i katika bei. Muuzaji aliyependa hutaka alipwe na kumbukumbu zake pia. Lakini mnunuzi wetu ni kijana aliyekopa katika kikundi chake cha kuweka na kukopa. Yeye ananunua injini, magurudumu na bodi. Arusi na misiba yetu haendi nayo. Tumebaki nayo wenyewe. Kumtoza fedha kwa kitu tusichompa si haki, hata tukikiita thamani ya moyo.

Hatari ya pili ni kuficha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Land Rover la zamani laweza kujiuza lingali na ubaya ndani. Magari haya yalipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, nayo huliwa na kutu kimyakimya. Ndiyo maana gari laweza kung'aa juu huku mifupa yake imeoza. Na apendaye husema juu ya gari lake kama mzazi juu ya mwanawe: halina neno! Lakini barabara ya kona ya Soni kushuka Mombo haijui mapenzi yetu. Kijana yule atapakia watu. Kwa hiyo tulimlaza chini pamoja na fundi, tukamwonyesha kila palipochomelewa, na bei ikashuka. Kumpenda jirani kuna gharama yake, na mara nyingine gharama hiyo huhesabiwa kwa noti.

Hatari ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kuendelea kumiliki tulichokwisha kuuza. Kijana alisema atakata paa abebee karoti, na siku likichoka kabisa ataliuza spea spea. Maneno hayo yalituchoma. Labda msomaji atasema vitu vya kale vina heshima yake, na ni kweli. Gari la mwisho la ukoo huo wa zamani lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, na Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia kuyasherehekea. Anayetaka kutunza na atunze, kwa mkono wake na kwa fedha yake. Lakini aliyekwisha kupokea fedha na kukabidhi kadi hawezi kushika usukani kwa mkono mmoja. Tukimwekea mnunuzi masharti ya moyo wetu, tumemkodisha, hatukumwuzia. Tena, springi yetu ikiokoa gari la mwingine mlimani, je, si kazi ileile tuliyoipenda?

Kwa hiyo, wapenzi, tusione haya kuaga. Ila kuaga kwetu kuwe kwa mambo matatu: tushukuru, tuseme kweli, tuachie. Na siku likitupita limesheheni karoti, bila paa, na rangi mpya isiyotupendeza, tumpungie mkono dereva. Yeye ndiye awezaye kuitikia.