Wakili, Simu na Idhini

Kijana wa kwetu anayeishi London akichumbia Mombasa au Unguja na asipate likizo kazini, ana njia mbili. Aweza kumpa ami yake uwakili, ami akakae mbele ya kadhi na kuikubali ndoa kwa niaba yake. Au aweza kuikubali mwenyewe kwa simu.

Wengi wetu tungedhani ya simu ina nguvu zaidi, maana sauti ni yake. Sheria ya Uingereza huona kinyume. Mwaka 1947 Mahakama ya Rufaa iliitambua ndoa iliyofungwa Buenos Aires, ingawa bibi harusi alikuwa Uingereza na huko alisimamiwa na wakili. Msingi ni kwamba namna ya kufunga ndoa huamuliwa na sheria ya nchi ilikofungwa. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliushikilia tena msingi huo katika shauri la ndoa ya Ghana. Ndoa ya simu ina mashaka: mmoja yuko London, na ndoa ya London ina masharti yake. Marekani nayo, katika uhamiaji, haiihesabu ndoa ya wakili mpaka wawili hao wawe wamekutana kimwili baada ya kuozeshwa.

Mimi ni mhandisi, nimezoea kuuliza mzigo unakaa juu ya nguzo ipi. Ndoa inasimama juu ya mahali, mwili au neno? Sisi hujibu upesi: neno. Lakini neno la nani? Bwana harusi huwekewa wakili mara mojamoja. Bibi harusi wetu kwa kawaida yuko ndani, na walii ndiye anayesema. Kinachoishika ndoa ni wale wanaokwenda kumwuliza idhini yake. Pakiwa na haraka ya viza, swali hilo hugeuka desturi tu, na ukimya hupokewa kuwa jibu.

Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo ilikataa kuitambua ndoa ya simu kati ya Uingereza na Bangladesh, kwa kuwa bwana harusi hakuwa na uwezo wa kuelewa anachoridhia. Hapo sheria iligusa nguzo yenyewe.

Basi wazee, kabla ya kuandika uwakili, mwacheni kijana azungumze na binti mwenyewe, pasipo mtu wa kumjibia. Simu ina mashaka katika kufunga ndoa. Katika kuuliza, inatosha.